Kupima Dai kwa Sampuli: Jaribio la Uwiano na Swali la Lugha ya Nyumbani Mtaani Membley

1. Utangulizi

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa sana barazani, ambako uvumi aghalabu hutangulia habari yenyewe. Katika uchunguzi wa lugha, hata hivyo, imekuwa kizuizi. Mara nyingi husemwa, na hata kuandikwa, kwamba katika mitaa mipya inayouzunguka mji wa Nairobi Kiswahili kimekwisha kuwa lugha ya nyumba nyingi kuliko zote. Wengine hudai kinyume chake, kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya gari la abiria tu, na kwamba mlango wa nyumba ukifungwa husikika lugha ya mama au Kiingereza. Kila upande una mifano yake, na kila upande huridhika nayo. Lakini mifano kumi iliyochaguliwa na mdai mwenyewe haithibitishi dai, kama vile mashahidi kumi waliochaguliwa na mshitaki peke yake wasivyoweza kumaliza kesi.

Makala haya yanakusudia kueleza namna dai la aina hii linavyoweza kupangwa hata likapimika. Njia inayoelezwa ni ile iitwayo na wataalamu wa takwimu jaribio la nadharia tete kuhusu uwiano wa jumla. Mfano utakaotumika ni mtaa wa Membley, ulio katika kaunti ndogo ya Ruiru, Kaunti ya Kiambu, kandokando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika. Hesabu za mfano huo ni za kubuni, nazo zimetungwa ili kuonyesha kazi inavyofanyika. Zisichukuliwe kuwa matokeo ya uchunguzi uliokwisha kufanywa.

2. Kwa nini swali hili lina uzito

Swali la lugha ya nyumbani si la wanaisimu peke yao. Mwaka 1976 kamati ya taifa iliyoongozwa na Bw. Gachathi ilipendekeza kwamba katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi mtoto afundishwe kwa lugha inayotumiwa na walio wengi katika eneo la shule yake. Kanuni hiyo imeendelea kuwamo katika sera ya elimu nchini Kenya, na imo pia katika mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019. Vilevile Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kuwa mojawapo ya lugha mbili rasmi, pamoja na Kiingereza.

Maneno mazito katika kanuni ya mwaka 1976 ni "walio wengi". Vijijini jibu huwa wazi kiasi. Membley ni tofauti. Ardhi yenyewe i katika nchi ya Wagikuyu, lakini mtaa wenyewe ni wa makazi ya mji, na wengi wa wakazi wake huamkia kazini Nairobi. Mtoto wa miaka sita aweza kuwa na bibi asemaye Kigikuyu, baba asemaye Kiluo, yaya asemaye Kiluhya, na wote hao wakakutana katika Kiswahili. Au wasikutane humo. Ikiamuliwa kwa kukisia kwamba Kiswahili ndicho cha walio wengi, na kumbe sivyo, watoto wengi watafundishwa kusoma kwa lugha wasiyoizoea. Ikiamuliwa kinyume, na kumbe Kiswahili ndicho, kosa litakuwa lile lile upande wa pili. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru, lakini kujua idadi ya watu si kujua lugha wanayoongea wakiwa nyumbani.

Uchunguzi wa lugha katika mitaa si jambo geni nchini Kenya. Kitabu kuhusu lugha nchini Kenya kilichohaririwa na W. H. Whiteley na kuchapishwa mwaka 1974 kina sura za David Parkin juu ya mitaa ya Bahati na Kaloleni mjini Nairobi. Tangu hapo miji imepanuka kuelekea Ruiru na Thika, na maswali yaliyoulizwa Kaloleni yapaswa kuulizwa upya mahali kama Membley.

3. Jumla, sampuli na uwiano

Istilahi tatu zahitaji kuwekwa bayana kwanza. Jumla ni kundi zima ambalo mtafiti anataka kusema neno juu yake. Katika mfano huu jumla si "watu wa Membley" kwa ulegevu, bali ni kaya zote za Membley zenye angalau mtoto mmoja wa umri wa kwenda darasa la kwanza hadi la tatu. Sampuli ni sehemu ya kaya hizo itakayohojiwa. Uwiano ni idadi ya kaya zenye sifa inayotafutwa ikigawanywa kwa idadi ya kaya zote zinazohusika. Kuna basi uwiano wa namna mbili: uwiano wa jumla, ambao haujulikani, nao utaandikwa p, na uwiano wa sampuli, ambao hupatikana baada ya kuhesabu.

Msomaji asichanganye viwili hivyo. Nadharia tete husema neno juu ya uwiano wa jumla tu. Hakuna maana ya kuweka nadharia tete juu ya uwiano wa sampuli, kwa kuwa huo utaonekana kwa macho. Hili ni kosa la kwanza linaloonekana katika tasnifu za wanafunzi: mtafiti huhesabu kwanza, akapata kwamba kaya 57 katika kila 100 za sampuli husema Kiswahili, kisha huandika kwamba nadharia tete yake ilikuwa asilimia 57. Huyo hakupima dai lolote. Amechora shabaha pale mshale ulipoangukia.

4. Kuweka nadharia tete mbili

Jaribio huanza na madai mawili yanayopingana. La kwanza huitwa nadharia tete ya msingi. Hili ndilo dai linaloachwa limesimama mpaka pawepo ushahidi wa kuliangusha, nalo huandikwa kwa alama ya usawa. La pili huitwa nadharia tete pinzani, nalo ndilo dai ambalo mtafiti anatafuta ushahidi wake.

Kwa kuwa sera yazungumzia walio wengi, mpaka wa dai ni nusu. Hivyo:

Nadharia tete ya msingi: p = 0.5.
Nadharia tete pinzani: p > 0.5.

Jaribio hili ni la upande mmoja, kwa sababu swali ni kama Kiswahili kimevuka nusu. Lau swali lingekuwa kama hali imebadilika kutoka kiwango kilichojulikana zamani, bila kujali kama imepanda au imeshuka, nadharia tete pinzani ingekuwa p si sawa na kiwango hicho, na jaribio lingekuwa la pande mbili. Uchaguzi huu hutokana na swali, nao hufanywa kabla ya mhoji wa kwanza kubisha hodi. Anayengoja kuona hesabu zimeelemea wapi ndipo achague upande, amejipunguzia nusu ya mzigo wa kuthibitisha bila ya haki.

Nusu yenyewe ina historia. Mnamo 1710 John Arbuthnot alichunguza madaftari ya ubatizo ya London ya miaka 82, akaona kwamba katika kila mwaka wavulana walizidi wasichana. Alisema kwamba kama uwezekano wa kuzaliwa mvulana au msichana ungekuwa nusu kwa nusu, jambo hilo lisingeweza kutukia kwa bahati tu. Huo ni mmoja katika mifano ya kale kabisa ya hoja hii: dai huchukuliwa kuwa kweli kwa muda, kisha huulizwa kama yaliyoonekana yangeweza kutokea chini yake.

5. Makosa mawili na gharama zake

Mwaka 1933 Jerzy Neyman na Egon Pearson walieleza kwa utaratibu kwamba mwenye kupima aweza kukosea kwa njia mbili. Kosa la kwanza ni kuiangusha nadharia tete ya msingi ilhali ni kweli. Kosa la pili ni kuiacha isimame ilhali si kweli. Katika Membley, kosa la kwanza ni kutangaza kwamba Kiswahili ni cha walio wengi na kumbe hakijavuka nusu. Kosa la pili ni kushindwa kuwatambua walio wengi ambao kweli wapo.

Mtafiti huweka mapema kiwango cha hatari anachokubali kwa kosa la kwanza. Desturi ya taaluma nyingi ni 0.05, yaani mara 5 katika kila 100. Desturi si sheria. Ikiwa uamuzi utakaofuata ni mgumu kuurudisha nyuma, kwa mfano kuchapa vitabu vipya na kuhamisha walimu, yafaa kuweka kiwango kikali zaidi cha 0.01. Kisichofaa ni kuficha kiwango mfukoni na kukitoa baada ya kuona matokeo.

6. Kuchagua kaya

Hesabu zote zitakazofuata zasimama juu ya nguzo moja: sampuli iwe ya nasibu, yaani kila kaya ya jumla iwe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Hapa ndipo kazi ya nyanjani inapowashinda wengi. Membley ina nyumba nyingi zilizo nyuma ya kuta na malango yenye walinzi. Mhoji anayeingia pale anaporuhusiwa tu huwa hachagui yeye. Mlinzi ndiye anayemchagulia. Anayekwenda mchana siku ya kazi huwakuta wasaidizi wa nyumbani na watoto, nao yamkini huongea Kiswahili baina yao hata kama jioni, wazazi warudipo, lugha hubadilika. Anayewahoji wazazi langoni pa shule moja amehoji wazazi wa shule hiyo, hakuhoji Membley.

Njia iliyo sawa ni kuandika kwanza orodha ya kaya zote zinazohusika, kuzipa namba, na kuzichagua kwa kura. Kaya iliyochaguliwa isipopatikana irudiwe jioni na mwisho wa juma, wala isibadilishwe kwa jirani aliyekuwapo. Aliyekuwapo na asiyekuwapo huenda hawalingani kilugha, na hilo ndilo hasa linalochunguzwa.

Swali nalo lipimwe. "Mnasema lugha gani nyumbani?" ni swali pana mno. Mhojiwa aweza kutaja lugha aipendayo, au ile anayodhani mgeni aliyevaa nadhifu anataka kuisikia. Ni bora kuuliza: "Jana jioni, mtoto alipozungumza na mzazi au mlezi wakati wa chakula, ilitumika zaidi lugha gani?" Kisha iamuliwe mapema namna ya kuhesabu Sheng, na kaya zinazochanganya lugha. Mtafiti aweza kuihesabu Sheng kuwa Kiswahili au kuiweka peke yake. Wanaisimu hawajakubaliana juu ya jambo hilo, na kila uamuzi una hoja zake. Lakini uwiano utapanda au kushuka kwa uamuzi huo mmoja, kwa hivyo uandikwe kabla na utajwe katika ripoti.

7. Hesabu yenyewe

Na ichukuliwe kwamba kaya 200 zimechaguliwa kwa kura, zote zikajibu, na 114 kati yake zikaonekana kutumia zaidi Kiswahili. Uwiano wa sampuli ni 114 kwa 200, yaani 0.57. Je, 0.57 ni mbali na 0.5 kiasi cha kutosha, au ni mchezo wa bahati tu?

Kwanza yatazamwe masharti. Chini ya nadharia tete ya msingi zingetarajiwa kaya 100 za Kiswahili na 100 zisizo za Kiswahili. Idadi zote mbili zapita 10, ambayo ndiyo kadiri inayotakiwa kwa kawaida ili mpindo wa kengele uweze kutumika badala ya hesabu ndefu. Pia kaya 200 zisizidi sehemu moja ya kumi ya jumla. Zikizidi, kuna sahihisho maalumu la kutumia.

Pili litafutwe kosa sanifu, yaani kipimo cha kadiri ambayo uwiano wa sampuli huyumba kutoka sampuli hadi sampuli. Zidisha 0.5 kwa 0.5, gawanya kwa 200, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni takriban 0.0354. Ifahamike kwamba hapa hutumika 0.5 ya nadharia tete, si 0.57 ya sampuli, kwa sababu hoja yenyewe ni kuuliza mambo yangekuwaje kama nadharia tete ya msingi ingekuwa kweli.

Tatu igawanywe tofauti kwa kosa sanifu: 0.07 kwa 0.0354 ni takriban 1.98. Uwiano wa sampuli umekaa juu ya nusu kwa karibu makosa sanifu mawili. Kwa jaribio la upande mmoja na kiwango cha 0.05, mpaka ni 1.645. Kwa kuwa 1.98 yapita mpaka huo, nadharia tete ya msingi yaanguka. Kwa njia nyingine ya kusema hilo hilo, kama p ingekuwa 0.5 kamili, uwezekano wa kupata 0.57 au zaidi ungekuwa takriban 0.024. Lakini kama kiwango kilichowekwa ni 0.01, mpaka ni 2.33, na nadharia tete ya msingi yabaki imesimama. Sampuli ni ile ile, hukumu ni mbili. Ndiyo maana kiwango lazima kitangulie.

8. Kutoanguka si kuthibitika

Kosa la kufasiri ambalo hurudiwa mno ni kusema kwamba nadharia tete ya msingi isipoanguka basi imethibitishwa. Mshitakiwa akiachiliwa kwa kukosekana ushahidi, mahakama haikusema kwamba hakutenda; imesema kwamba haikuthibitishwa. Hapa ndipo nguvu ya jaribio inapohitaji kuangaliwa, yaani uwezekano wa kuiangusha nadharia tete ya msingi pale inapokuwa si kweli.

Kwa sampuli ya kaya 200, hesabu kamili isiyotegemea mpindo wa kengele yaonyesha kwamba zahitajika angalau kaya 113 za Kiswahili ili kosa la kwanza lisipite 0.05. Sasa ikiwa ukweli wa Membley ni 0.55, yaani walio wengi wapo lakini kwa kiasi kidogo, sampuli ya 200 itawagundua takriban mara 36 tu katika kila 100. Mtafiti atakayerudi na kusema "hakuna walio wengi" atakuwa amekosea mara nyingi kuliko alivyopata. Kwa kaya 600 mpaka huwa 321, na nguvu hupanda hadi takriban mara 78 katika kila 100. Ukubwa wa sampuli basi si jambo la fedha za usafiri peke yake. Ni sehemu ya hoja.

9. Majirani wanaofanana

Jambo la mwisho lahusu njia ya mkato. Kwa kuwa kupita kila lango ni taabu, mtafiti aweza kuchagua kwa kura nyua 20, na katika kila ua akahoji kaya 10. Jumla ni kaya 200 vilevile. Lakini kaya za ua mmoja aghalabu hufanana: watoto hucheza pamoja na kuambukizana lugha. Kaya ya kumi katika ua huo haileti habari mpya kama ile ya kwanza.

Ikiwa kadiri ya kufanana huko ni 0.1, yumbo la uwiano hukua kwa kizidisho cha 1 na 9 mara 0.1, yaani 1.9. Kaya 200 hizo zina uzito wa kaya 105 tu zilizochaguliwa moja moja. Kosa sanifu huwa takriban 0.0487, na 0.07 ikigawanywa kwa hilo hutoa 1.44. Mpaka wa 1.645 haukufikiwa. Kaya 114 zile zile, ambazo hapo juu ziliiangusha nadharia tete, sasa hazitoshi. Anayehoji kwa nyua na kuhesabu kama aliyehoji kwa kaya moja moja hutangaza ushindi ambao hana.

10. Hitimisho

Kupanga jaribio la uwiano ni kazi ya maneno kabla ya kuwa kazi ya namba. Jumla itajwe kwa mipaka yake. Sifa inayohesabiwa ifafanuliwe. Nadharia tete mbili ziandikwe juu ya p. Kiwango cha hatari, ukubwa wa sampuli na njia ya kuchagua viamuliwe mapema. Ndipo kalamu ya kuhesabu ishikwe. Katika hayo yote mwanaisimu ana nafasi ambayo mtakwimu hawezi kumjazia, kwa kuwa ni yeye ajuaye kwamba "kusema Kiswahili" si jambo moja, na kwamba lugha ya mchana yaweza kuwa mbali na lugha ya jioni.

Hata nadharia tete ya msingi ikianguka, kilichopatikana ni kwamba Kiswahili kimevuka nusu. Kama nusu ndiyo kadiri ya kutosha kuamulia lugha ya darasa, na haki ya kaya zilizobaki ni ipi, hayo ni maswali ya wazazi, walimu na watunga sera, wala hayajibiwi kwa kipeuo cha pili. Lakini wakae kuyajadili wakijua hali ilivyo Membley, si wakibishana juu ya lisemwalo.